Jeevanjee Alitoa Bustani, Haki Hakupewa



Kila baada ya miezi kadhaa ile picha ya mzee Alibhai Mulla Jeevanjee inarudi kwenye simu zetu. Chini yake maneno ni yale yale: Muislamu alijenga Nairobi, Muislamu alianzisha gazeti, Muislamu alitoa bustani, na leo mnatuita wageni. Watu wanaandika mashaallah, wanasambaza, kesho yake wamesahau. Halafu kuna upande wa pili, wale wanaojibu kwa dharau: huyo alikuwa Mhindi tajiri, mtu wa Mzungu, sisi anatuhusu nini?

Leo tunabishana na nyinyi wote wawili. Wa kwanza mnamsifu kwa kitu ambacho hakikumsaidia. Wa pili mnamtupa pamoja na somo lake. Na somo lenyewe linauma, kwa sababu hadi leo tunarudia makosa yake, tena bila hata pesa zake.

Somo ni hili: sadaka hainunui haki. Ukiwa tajiri, ukawa mkarimu, ukamjengea mtawala sanamu la mamake, bado atakuambia ukae kule kwenu. Haki ni ya kudaiwa, na ukiidai kwa ajili ya watu wako peke yao utapewa nusu mkate, kisha hiyo nusu itumike kukugombanisha na jirani yako.

Usituamini kwa maneno tu. Twende na maisha yake hatua kwa hatua.

Alizaliwa Karachi mwaka 1856, kwenye familia ya Mabohora. Shule hakusoma sana. Alitoka mapema kutafuta, akafika hadi Australia kufanya biashara, na mwaka 1890 akaja Mombasa. Wakati huo bara letu lilikuwa mikononi mwa kampuni, Imperial British East Africa Company, na kampuni ilitaka watu wa kuifanyia kazi. Jeevanjee akapata kandarasi. Serikali ya Uingereza ilipochukua nchi mwaka 1895 na kuanza kujenga reli mwaka uliofuata, yeye alikuwa tayari yuko pale na jina lake linajulikana. Akapewa kandarasi ya kuleta vibarua kutoka India, kuwalisha, kuchimba mawe na kuchonga njia ya reli. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901, alikuwa ameshakuwa tajiri mkubwa. Nyumba na ofisi nyingi za serikali kwenye njia ile zilijengwa na watu wake.

Hapa simama kidogo, kwa sababu hapa ndipo zile posti za kujisifu huruka.

Reli ile iliwaleta kutoka India wafanyakazi karibu 32,000. Wengi walitoka Punjab, na kati yao walikuwemo Waislamu wengi tu. Waliokufa ni karibu 2,500. Zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Malaria, kuhara damu, mawe, baruti, simba wa Tsavo. Hesabu hiyo ni ya Wahindi waliosajiliwa, bado hujagusa Waafrika waliobeba mizigo na kufyeka msitu. Ukisema Jeevanjee alijenga reli, nani aliyebeba reli kwenye bega? Tajiri ana bustani yenye jina lake mjini. Yule kibarua wa Punjab aliyezikwa pembeni ya njia hana hata jiwe. Kama wote wawili walikuwa Waislamu, kwa nini unamjua mmoja tu?

Hatusemi hivi kumtukana marehemu. Tunasema hivi ili ujue utajiri wake ulitoka wapi: ulitokana na kandarasi za serikali ya kikoloni. Na mwenye kutoa kandarasi ndiye mwenye kunyima. Hilo atalijua mwenyewe baadaye.

Sasa gazeti. Mwaka 1902, pale Mombasa, Jeevanjee alianzisha gazeti la kila wiki lililoitwa African Standard. Akamuajiri mhariri Mwingereza. Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza wawili, wakabadilisha jina likawa East African Standard, baadaye wakalihamishia Nairobi. Ndilo hilo unalolijua leo kama The Standard, gazeti kongwe kuliko yote yanayochapishwa Kenya. Vizuri, ni historia ya kweli na una haki ya kuijua. Lakini malizia stori. Baada ya kuuzwa, gazeti hilo likawa mdomo wa walowezi. Kwa miaka na miaka kurasa zake zilipigia debe nchi ya Mzungu, zikawapinga Wahindi, zikawaona Waafrika kama watoto wa kutumwa. Mtu alitengeneza silaha, akaiuza, ikaelekezwa kwake. Siku ukiandika kwamba Muislamu alianzisha gazeti, andika pia kwamba alilitoa mkononi likiwa na miaka mitatu tu. Hiyo si ya kupigia makofi. Hiyo ni ya kufikiria.

Sasa mji. Nairobi ilipoanza ilikuwa kambi ya reli yenye matope. Wahindi wakajenga bazaa yao, vibanda vya mabati na mbao, maduka mbele, familia nyuma. Mwaka 1902 tauni ikaingia. Serikali ilifanya nini? Ilichoma bazaa moto. Walipotakiwa kuujenga upya mji, wenye pesa kama Jeevanjee wakaingia mfukoni. Alijenga soko lililobeba jina lake, akajenga majumba, akawa na viwanja vingi kuliko karibu mtu yeyote mjini.

Halafu ikaja 1906. Jeevanjee akatengeneza bustani kwenye kipande cha ardhi cha ekari tano hivi katikati ya mji, akawapa watu wa Nairobi. Ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, na aliyekuja kuizindua ni mwanawe Malkia, Duke wa Connaught. Hebu fikiria ile siku. Bendi, bendera, wakubwa wa serikali na kofia zao, na katikati yao Mbohora kutoka Karachi, mwenyeji wa sherehe. Angalia ujumbe wake: mimi ni raia mwaminifu wa Malkia, nimejenga mji wenu, nimewapa bustani, nimemheshimu mama yenu. Nihesabuni.

Walimhesabu vipi?

Mwaka huo huo wa 1906, Lord Elgin, waziri wa makoloni kule London, alitoa mwongozo kwamba ardhi ya nyanda za juu wapewe Wazungu, na mwaka 1908 akaurudia kwa mkazo. Yaani sanamu bado inang'aa na tayari mwenye kuileta amefungiwa mlango. Mhindi angeweza kununua kiwanja cha duka mjini, lakini shamba kwenye ardhi nzuri ya bara, hapana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikampa gavana nguvu ya kukataa Mzungu asimuuzie mtu wa rangi nyingine, na walowezi wakapewa ukodishaji wa miaka 999. Miaka 999! Na kabla ya hapo daktari mmoja, Profesa Simpson, aliletwa kutoa ushauri wa afya ya miji, akapendekeza watu wa kila rangi watengwe mitaa yao. Uchafu wa bazaa ukawa sababu. Lakini nani aliyewanyima maji, mitaro na nafasi? Kwanza unamfungia mtu kwenye kichochoro, halafu unasema ananuka, kwa hivyo abaki kichochoroni. Mbinu hii unaijua. Umeiona mitaani kwenu.

Tena cheo nacho alipewa. Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia humo. Posti zinaishia hapo, na alama ya ngumi juu. Lakini mwanaume mmoja katikati ya walowezi na maofisa angepitisha nini? Hakuchaguliwa na mtu, aliteuliwa, na muda wake ulipoisha kiti kikabaki bila Mhindi kwa miaka. Waafrika, wenye nchi yao, hawakuwa na mtu wao ndani ya baraza lile hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Miaka 35 baadaye. Kiti kimoja cha kuteuliwa ni pambo. Kinawekwa pale ili ukilalamika uambiwe, si mna mtu wenu ndani?

Na hapa ndipo, kwa heshima yake, Jeevanjee alibadilika. Wengi wa matajiri wetu wangenyamaza, wakachukua kandarasi inayofuata. Yeye alipanda meli akaenda London na India kulalamika hadharani. Mwaka 1912 alichapisha Bombay kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki, akieleza wanavyobaguliwa kwenye ardhi, kodi, mahakama na baraza. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa East African Indian National Congress, iliyokutana Mombasa mwaka 1914. Alitumia jina lake na mali yake kupigana na serikali ile ile iliyomtajirisha. Huyu ndiye Jeevanjee wa kusomwa. Yule wa bustani alitoa alichokuwa nacho cha ziada. Huyu wa 1912 aliweka hatarini vyote alivyokuwa navyo.

Lakini bado alikosea, na kosa lake ni kubwa. Tusiliremberembe kwa sababu ni mwenzetu wa dini.

Mwaka 1910, akiwa London, aliliambia gazeti moja la huko kwamba nchi hii ingefaa iunganishwe na himaya ya India, iwe chini ya India, ifuate sheria za India. Hoja yake ilikuwa kwamba Wahindi ndio waliofika kwanza, ndio wanaofanya biashara, ndio wanaolipa. Soma tena. Mtu anayelia kubaguliwa anaomba apewe nchi ya watu wengine. Mkikuyu, Mkamba, Mnandi, Mdigo, Mgiriama, Msomali: hawamo kwenye hesabu. Mwaka uliofuata ule wa kuteuliwa kwake! Alidai usawa na Mzungu, lakini usawa huo ulikuwa wa kugawana nchi ambayo wenyewe walikuwa hai, wanaona, wanasikia.

Hilo ndilo tundu, na walowezi walipitia humo humo.

Twende mwaka 1921 hadi 1923. Sensa ya 1921 ilihesabu Wazungu chini ya 10,000 na Wahindi zaidi ya 22,000. Wahindi wakasema: tupeni orodha moja ya wapiga kura, tuondoleeni ubaguzi wa mitaa, tufungulieni nyanda za juu. Walowezi wakapandwa na wazimu. Walipanga hata kumteka gavana endapo London ingewasikiliza Wahindi. Na ghafla, watu ambao walikuwa wamewanyang'anya Waafrika ardhi na kuwavisha kipande shingoni kama kengele ya mbuzi, wakajifanya walinzi wa Mwafrika. Wakasema hatuwezi kuwapa Wahindi haki, watamwonea Mwafrika!

Ujumbe wa Wahindi ukaenda London mwaka 1923, na mzee Jeevanjee, umri karibu miaka 67, akiwemo. Jibu likaja Julai mwaka huo, Waraka wa Devonshire. Ulisema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza. Maneno matamu. Halafu soma utekelezaji: Wazungu viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi viti 5, Waarabu kiti 1, na Waafrika mmishenari mmoja wa Kizungu wa kuwasemea. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Kwa hivyo wa kwanza ni Mwafrika, lakini shamba la Mzungu, kura ya Mzungu, na anayemsemea ni Mzungu. Waingereza walimchukua Mwafrika wakamfanya ngao ya kumpigia Mhindi, na baada ya vita ngao ikarudishwa kwenye kazi ya kulima.

Ingewezekana vinginevyo? Ndiyo, na ushahidi uko mwendo wa dakika chache kutoka kwenye bustani yenyewe.

Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande, kodi na kupunguzwa mishahara. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungiwa, pale ilipo Central leo. Mary Muthoni Nyanjiru akawatia moyo wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Polisi wakafyatua risasi, na hesabu ya serikali yenyewe ilikiri wafu zaidi ya 20. Thuku alikuwa akisaidiwa na nani kuchapisha karatasi zake? Na Manilal Desai, Mhindi, mwenye gazeti la East African Chronicle, kiongozi mwenzake Jeevanjee katika siasa za Wahindi. Desai aliona kitu ambacho matajiri wengi hawakukiona: kwamba Mhindi hatapata haki yake nchi hii bila Mwafrika kupata ya kwake. Serikali nayo ililiona haraka, ndiyo maana iliogopa ushirikiano ule kuliko sanamu na hotuba zote. Njia hiyo ndiyo baadaye waliyoipita Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanyakazi na kufungwa kutoka 1950 hadi 1961 bila kukana neno, na Pio Gama Pinto, aliyeuawa Nairobi mwaka 1965. Hao hawakuwa Waislamu. Ndiyo. Na kama heshima yako kwa mtu inategemea dini yake tu, basi umejifunza siasa kwa yule yule aliyetoa viti 11, 5 na 1.

Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936, umri miaka 80. Utajiri mwingi ulikuwa umeshaondoka. Kandarasi zilikwisha, siasa zilikula, dunia ilibadilika. Hakuiona nyanda ya juu hata moja ikifunguliwa.

Sasa tujibu lile swali la dharau: sisi anatuhusu nini?

Anatuhusu kwa sababu ya kilichobaki. Si gazeti, liliuzwa. Si meza ya baraza, waliichukua. Si Malkia: ile sanamu ilivunjwa kichwa mwaka 2015 na mji haukulia. Kilichobaki ni bustani, na bustani haikubaki kwa sababu tajiri aliitoa. Ilibaki kwa sababu watu wa kawaida waliikatalia.

Mwaka 1991, enzi za chama kimoja, Tume ya Jiji ilitaka kuigeuza bustani kuwa jengo la maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akasimama. Hakuwa na jeshi wala cheo. Aliandika, alikusanya saini, aliwachochea wakaaji wa jiji waone kwamba wanaibiwa mali yao. Wangari Maathai, aliyekuwa ametoka kupigania Uhuru Park mwaka 1989 dhidi ya lile jumba la ghorofa 60, akaunga mkono. Serikali ikarudi nyuma. Mwaka 2007 wakajaribu tena, wakakataliwa tena. Zarina Patel alipoanza kumtafuta babu yake kwenye makabrasha ndipo akaandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1997. Yaani hata hiyo historia mnayosambaza, ilichimbwa na mwanamke aliyekuwa anazuia kiwanja kisinyakuliwe. Mliwahi kuliweka jina lake kwenye posti zenu?

Nenda pale leo saa za chakula cha mchana. Kuna mhubiri kwenye kona moja, kuna waliolala kwenye nyasi kwa sababu kazi hawakupata, kuna wapenzi, kuna wapiga picha. Na kuna wale wanaokaa duara wakibishana siasa, Bunge la Mwananchi, waliolianza pale tangu miaka ya 90, hakuna mwaliko, hakuna posho, mwenye hoja ndiye mwenye kiti. Lile baraza la 1909 lilimpa Jeevanjee kiti kimoja. Bustani yake imempa kiti kila mpita njia. Hii ndiyo faida ya kudumu aliyoiacha, na yeye mwenyewe hakuipanga.

Kwa hivyo, kijana, achana na mambo mawili.

Achana na kujivunia matajiri. Kila Ramadhani unaona mabwenyenye wanavyogawa unga na tende mbele ya kamera. Allah awalipe wanachostahili, njaa ni njaa na mfuko wa unga ni rehema. Lakini uliza swali moja: huyo huyo mwenye mfuko wa unga, siku uwanja wa shule ya mtaa wake uliponyakuliwa, alisema nini? Siku kijana wa jirani yake alipochukuliwa usiku na watu wasiojulikana, alisimama mahakamani? Au alikuwa anasubiri zabuni? Sadaka ya mkono haifuti deni la ulimi. Jeevanjee angalau alipofika 1912 alifungua mdomo.

Achana pia na kudai haki ya kikabila kwa jina la dini. Ukilia kwamba Muislamu ananyanyaswa kwenye ofisi ya kitambulisho, na ukanyamaza Mturkana au Mpokot anaposumbuliwa kwenye ofisi ile ile, unarudia lile tundu la 1910. Watakupa viti vyako vitano, na kesho watakutumia wewe kumpiga jirani.

Badala ya posti, fanyeni kazi hizi.

Moja. Tafuteni hati. Mtaani kwenu kuna kiwanja cha mpira, kuna makaburi, kuna plotti ya madrasa, kuna soko. Hati iko wapi, na iko kwa jina la nani? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba taarifa serikalini, na sheria ya kupata taarifa ipo tangu 2016. Andikeni barua, mgongewe muhuri wa kupokelewa, mtunze nakala. Kiwanja kisicho na hati ni zawadi kwa mnyakuzi.

Mbili. Msingoje mjukuu wa mtu. Kifungu cha 37 kinawapa haki ya kukusanyika, kuandamana kwa amani na kupeleka malalamiko kwa maandishi. Wakijakuweka mabati usiku, asubuhi muwe pale, nyinyi na wasio wa dini yenu, wote mliocheza uwanja ule.

Tatu. Nendeni kwenye vikao vya maoni ya wananchi vya kaunti. Vinafanywa mchana siku ya kazi, ukumbi nusu mtupu, halafu inaandikwa kwamba wananchi walikubali. Jigaweni zamu. Watatu wakienda na daftari, kanjo hatalala vizuri.

Nne. Andikeni ya kwenu. Waulizeni wazee nani alichimba kisima, nani alijenga ukuta wa msikiti, nani alifungwa enzi zile. Andikeni majina ya vibarua pia, si ya wafadhili peke yao. Gazeti likishauzwa huandika ya mnunuzi.

Jeevanjee alitoa ekari tano kwa watu wa mji. Walioilinda hawakuwa na ekari hata moja. Ukimuombea mzee rehema, na tumuombee, jiulize wewe uko wapi kwenye stori hii. Kama huna cha kutoa, una cha kulinda. Kiko mtaani kwenu. Anza na hati.

Wabillahi tawfiq.